Jina Lililomnyamazisha Mwanangu

Siku mwanangu aliponyamaza, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumshukuru Mungu. Alikuwa amelia siku nne. Siyo kulia kwa njaa wala kwa nepi, kulia tu, mpaka sauti ikawa inakwaruza kama bawaba yenye kutu, na nesi wa zahanati alimgeuzageuza akasema mtoto mzima kabisa, mnyonyeshe atatulia. Nilimnyonyesha. Alikuwa analiachia titi na kuendelea.

Mama mkwe wangu, Evarista, ndiye aliyesema, "Huyu analilia jina."

Sikubisha, maana hata kwetu Mbeya tunalijua hilo. Mtoto akilia bila ugonjwa, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa, basi wazee wanakaa na kutaja majina moja moja huku wanamdondoshea maji mdomoni, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Wanaotaja ni upande wa baba. Mimi niliyemzaa kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mkeka na kumshika.

Ilikuwa saa nane mchana, nyumbani kwetu Ilula, jua linawaka nje na mabasi yanapita barabarani. Mama mkwe akaanza. Liberatus, wapi. Anord, baba mzazi wa mume wangu, hapo tukajua lazima, mtoto akalia mpaka akakauka pumzi. Eliezeri, hapana. Mama mkwe akasema tupumzike, tutajaribu na majina ya bibi zake. Ndipo mume wangu Filemoni, ambaye muda wote alikuwa amesimama dirishani, akaja akapiga goti, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akasema jina moja.

Mtoto akanyamaza. Hakupunguza kidogo kidogo kama watoto wanavyofanya. Alikatika, kama redio umeme ukienda. Akafungua macho akamtazama baba yake.

Kikombe kikamtoka mama mkwe mkononi. "Umemwita nani?"

Filemoni akalirudia. Jina lenyewe mimi silisemi, na hapa siliandiki.

"Baba yako alikukataza," mama mkwe akasema, polepole, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. "Alikukataza akiwa kitandani, na mimi nipo."

"Mama, si amenyamaza?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Mwacheni jamani, mtoto amelala." Hakuwa amelala.

Lazima niseme Filemoni alikuwa mtu wa namna gani, msije mkadhani niliolewa na mtu mbaya. Alikuwa dalali wa nyanya pale sokoni, mpole, hajawahi kunipiga, sauti yake nyembamba. Alitaka uenyekiti wa soko. Aligombea mara mbili, na mara ya pili alipata kura sita, tano kati ya hizo sita zikiwa za ndugu zake. Akisimama kwenye mkutano watu walikuwa wanatoa simu mifukoni. Wapakiaji walimpa jina, Mheshimiwa Nyanya Maji, na alikuwa anacheka nao, halafu anarudi nyumbani anakaa na chakula kinapoa mbele yake.

Jina alilomwita mtoto lilikuwa la babu yake Filemoni, mzaa baba. Huyo babu Ilula nzima inamjua, walau kwa simulizi, kwamba neno lake lilikuwa halikataliwi. Siku moja alimwambia mtu njia panda, nisubiri hapa, akaenda kwenye pombe akamsahau. Walimkuta siku ya nne, bado amesimama, ameegemea mpini wa jembe, amekufa. Filemoni alinisimulia hayo tukiwa wachumba na mimi nikacheka, nikamuuliza huyo mtu alishindwa hata kusogea kivulini. Yeye hakucheka. Alisema, "Hebu fikiria, Ikupa. Neno moja tu."

Basi wiki ya kwanza nilifurahia ule ukimya, nililala, nilifua, majirani wakasema una bahati. Wiki ya pili nikaanza kuamka mwenyewe na maziwa yamelowesha kitenge, nakuta mtoto macho yako wazi, nepi imejaa, midomo imekauka, saa ngapi amekaa hivyo sijui, na hajalia. Nikawa namnyonyesha kwa saa ya ukutani kama anayemeza dawa. Tulipokwenda chanjo ya wiki sita nesi alimchoma paja hili, akamchoma na lile, mtoto akamwangalia tu. Nesi akacheka, "Huyu mwanaume kweli." Kisha akaacha kucheka, akampulizia usoni, akapiga makofi karibu na sikio lake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huwa analia lakini?" Nikasema huwa analia. Sijui kwa nini nilidanganya.

Siku hiyo hiyo, tumefika nyumbani, namvua soksi, akakohoa. Siyo kikohozi cha mtoto. Alisafisha koo, taratibu, mara mbili, kama mzee anayetaka kuanza kusema kwenye kikao watu wakae sawa.

Niliacha soksi moja mguuni nikatoka nje.

Halafu ikaja harufu. Ilitoka kichwani kwake, pale utosini penye kuchezacheza, harufu ya majani yaliyolowekwa yakaoza, yenye uchachu wa kuingia mpaka kwenye meno. Nilimwogesha mara tatu kwa siku. Mama mkwe akasema labda maziwa yanamrudi, lakini niliona na yeye anapumulia mdomo.

Na huko sokoni mambo ya Filemoni yalikuwa yananyooka. Aliporudi alikuwa anasimulia amesimama, hakai. Amewaambia wapakiaji pakueni, wamepakua, hata gari ambalo halikuwa lake. Wajumbe wa soko walipoanza zogo lao amesema nyamazeni, wamenyamaza, na mama mmoja muuza vitunguu hakuweza kusema mpaka mchana, alikuwa anaonyesha bei kwa vidole. Wiki hiyo hiyo wakampa uenyekiti bila kura. Sauti yake ilikuwa ile ile nyembamba, ndiyo iliyonitisha, hakuipandisha hata kidogo. Jioni moja alikuwa ndani akasema, "Ikupa, njoo," nami nilikuwa nachuja uji wa moto, na miguu yangu ilikwenda kabla yangu, nikaacha sufuria inamwagika, na nilipofika mbele yake nikagundua nimeungua mkono.

Aliuona. Akaushika. "Pole mama," akasema, na machoni mwake niliona amefurahi.

Sasa Rabson. Rabson alikuwa mpakiaji, mtu wa maneno, ndiye aliyelianzisha lile jina la Nyanya Maji. Mimi nilikuwepo, nimekwenda na mtoto mgongoni kununua vitunguu. Filemoni akapita na wajumbe wake nyuma, Rabson akainua kofia akasema, "Mheshimiwa, leo umeiva au bado unachujuka?" Watu wawili watatu wakaguna kwa kicheko. Mgongoni nikasikia mtoto anasafisha koo.

"Kaa chini," Filemoni akasema.

Rabson akakaa juu ya tenga lililopinduliwa. Akatabasamu kidogo, kama anayeshiriki utani. Kisha akataka kuinuka, na tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yakaliacha.

Jioni alikuwa bado amekaa. Kesho yake vile vile. Mke wake akawa anamletea uji na kumfunika blanketi, upepo wa Julai ulikuwa unakata, na wanaume wanne walipomwinua alipiga kelele kama anayechanwa wakamrudisha. Nilimwambia Filemoni mwinue, sema neno lingine basi. Alikwenda. Namjua mume wangu, siku ile aliogopa kweli, alisimama mbele ya Rabson akasema inuka, inuka Rabson, nimekusamehe inuka. Hakuna. Neno lile lilijua kuteremsha, kuinua halikujua. Akarudi nyumbani akakaa na mikono magotini, nikadhani sasa ameona. Kisha akasema, "Angekuwa na heshima yasingemkuta."

Hapo ndipo nilipokusudia kuondoka. Kadi ya kliniki ilionyesha uzito wa mtoto unateremka, mstari unashuka kama njia ya bondeni, na Mbeya nina mama yangu anayeuza nguo za watoto Mwanjelwa, nikakunja nguo mbili tatu kwenye begi. Filemoni aliliona begi. Hakukasirika. Alisema tu, "Mtoto asitoke nje ya mlango huu, na wewe usitoke naye," akaenda kazini. Nikambeba, nikafika kizingitini, na nyayo zikaganda, nikasukuma mwili wote mbele mpaka nikarudishwa nyuma, nikaanguka chali na mtoto kifuani, na yeye hakushtuka hata kidogo, alinitazama jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea.

Mama mkwe aliniinua. Alinong'ona, mdomo uko sikioni kwangu, "Usimwambie kitu. Naenda Tosamaganga kwa wifi yangu. Yule ni binti wa huyo mzee."

Walirudi kesho yake adhuhuri. Shangazi Rozalia alikuwa amepikia masista miaka mingi, ni bibi mnene mwenye magoti mabovu, amevaa masweta mawili na kofia ya kufuma iliyovutwa mpaka shingoni. Alisimama mlangoni akavuta pumzi puani, na uso ukamlegea.

"Mkonge," akasema kwa sauti kubwa mno. "Mkonge uliooza. Miaka yote hii." Kumbe masikio yalikuwa yamejazwa pamba. Alipandisha kofia upande mmoja, akatoa pamba nusu ili anisikie. "Ndivyo mama yetu alivyotulea, mke wetu. Asubuhi unanawa uso, unachana nywele, unatia pamba. Baba akisema na wewe unaangalia mikono yake. Neno lisipoingia sikioni halina pa kushika."

"Shangazi, ni mzimu wa babu?" nikauliza.

"Ungekuwa wa baba tungeupikia ugali ukatulia. Baba yangu alizaliwa anaitwa Masumbuko, mtu wa kawaida, mwoga wa nyuki. Alikwenda Tanga kukata mkonge, manamba, miaka mitatu. Huko aliota ndoto za kutawala watu, akatafuta, akapewa. Aliporudi alitukataza kumwita Masumbuko. Lile jina mlilomwitia mtoto halikuwa lake. Ni la kile alichorudi nacho." Akamtazama mtoto bila kumgusa. "Kaka yangu alilijua hilo, akamkataza Filemoni. Basi kukatazwa ndiko kulikomwonyesha mlango ulipo."

Mama mkwe akajifunika uso kwa upande wa khanga.

"Linatolewaje?" nikasema.

"Mdomo uliolileta ulikatae. Tumwite baba mtu."

Filemoni alikuja upesi, nadhani majirani walikwishamwambia. Shangazi alikuwa ameshaziba masikio, mimi na mama mkwe tukapewa pamba tuzibe pia, lakini mimi ya kulia niliilegeza, nilitaka kumsikia, alikuwa mume wangu. Shangazi akamwekea bakuli la maji mbele. "Piga funda, mtemee mtoto, sema jina hili silitaki, lirudi lilikotoka. Basi, umemaliza. Nitakupikia na chai."

Filemoni akatazama bakuli. "Na Rabson?"

"Atainuka," nikasema.

"Na mimi?"

Akaanza kuongea, na hakuwa anaamuru, alikuwa anaomba. "Ikupa, miaka kumi na mbili nimeongea na watu wanaoangalia simu. Unajua ilivyo mtu mzima kusema jambo la maana, na mtu akakuuliza, eti ulikuwa unasema? Mtoto si anapumua? Ananyonya. Tutampeleka hospitali kubwa, tutampa maziwa ya kopo, atanenepa. Mnataka nirudi kuwa nani?"

Wakati anasema hayo shangazi hakuwa anamwangalia. Alizoea kuangalia, hakuwa na masikio, alikuwa anamwangalia mtoto mapajani mwangu, kisha akanigusa goti na kunyoosha kidole, nikainamisha kichwa nikaona, na tangu siku hiyo nikifumba macho ndicho ninachokiona, midomo ya mwanangu ilikuwa inacheza, bila sauti, inafunguka na kufumba, na nilidhani anamwiga baba yake mpaka nilipotazama vizuri nikaona kwamba hamfuati, anamtangulia, midomo ile midogo inaliumba neno kwanza na ndipo Filemoni analisema, kila neno, pamoja na lile la kuniita jina langu, na lile la atanenepa, na lile la mnataka nirudi kuwa nani, yote yalipita kwenye mdomo wa mtoto wa miezi miwili na nusu kabla ya kufika kwenye mdomo wa mume wangu.

"Filemoni," nikasema. "Siyo wewe unayesema."

"Ni mimi."

Midomo ya mtoto ilikwishasema ni mimi.

"Mwangalie mwanao basi. Mwangalie mdomo."

Akamwangalia. Aliona, nina hakika aliona, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga mahali pasipo na ngazi. Angeweza kuchukua bakuli, lilikuwa karibu na mkono wake. Alilisukuma kwa mguu, maji yakatambaa sakafuni, na mtoto akasafisha koo.

Shangazi akanishika kidevu. "Mwite wewe. Jina la kwenu."

"Haturuhusiwi, mimi ni mama, upande wa..."

Hakuwa ananisikia. "Mwite wa kwenu, na mfinye. Mfinye mpaka alie. Akilia kwa sauti yake mwenyewe, la yule halina nafasi."

Baba yangu aliitwa Asukile. Nikamwita Asukile, mtoto akanitazama kwa macho ya mtu anayenichoka. Nikamfinya paja, Asukile, Filemoni akasema acha, na vidole vyangu vikaanza kuacha kwa sababu ya lile sikio nililolilegeza, mama mkwe akanisukumia pamba ndani kwa kidole gumba mpaka ikauma, dunia ikawa kimya, naona tu midomo miwili inafunguka pamoja, mdogo na mkubwa, nyamaza, nyamaza, nami nikashika nyama ya paja la mwanangu kwa kucha na kuizungusha na kuita Asukile, Asukile, mpaka nikahisi damu chini ya ukucha, na ndipo kifua chake kikapanda, kikabaki juu, uso ukaiva, na hata nikiwa na pamba nilimsikia, nilimsikia kwa mifupa.

Alilia. Nikainuka naye nikavuka kizingiti kama kitu cha kila siku. Barabarani niliona watu wanakimbilia sokoni, na kati yao Rabson, ameshikwa makwapa, anatembea kama ndama wa leo, analia na yeye. Sikuchukua begi. Basi la Mbeya lilisimama, mtoto alilia Iringa yote, alilia Mafinga, alilia Makambako, abiria walinitukana, nikawaambia asanteni.

Hayo ni ya Agosti. Sasa Asukile ana miezi sita, mnene, anakaa mwenyewe kwenye marundo ya nguo za mama yangu pale Mwanjelwa. Nilidhani yamekwisha. Kumbe jina lile tulilitoa kwa mtoto tu, hatukulitoa kwa yule aliyelipenda. Filemoni bado ni mwenyekiti, na wanasema sasa hata diwani anamsikiliza.

Mimi nimebadili laini. Lakini wiki iliyopita nilitoka msalani nikamkuta mama yangu ameshika simu yake sikioni, sauti ya kurekodiwa, nyembamba, ilikuwa inaishia. Akaiweka chini. Akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Mama, unafanya nini?"

"Nampeleka kwa baba yake," akasema, mpole kabisa. "Kuna basi la saa sita."

"Mama. Mama, niangalie."

Alikuwa ameshamfunga mgongoni. Nikapitisha mkono chini ya kitenge, nikalitafuta paja, nikamfinya Asukile kwa nguvu zangu zote, akalia, na mama yangu akasimama katikati ya njia na begi mkononi akaniuliza hili begi la nani.

Tangu hapo imekuwa mara tatu. Mwenye duka la jirani. Kijana wa bodaboda aliyekuja na simu yake mkononi akisema mama, kuna ujumbe wako. Nesi, jamani, hata nesi. Pamba ninayo, lakini siwezi kuziba masikio ya Mwanjelwa nzima. Kila mara namfinya, kila mara analia, kila mara wananiangalia kama mwendawazimu kisha wanasahau walikuwa wanataka nini. Mapaja yake yana alama, namvalisha suruali ndefu hata kwenye joto.

Leo asubuhi simu ya mama yangu imelia. Namba ya Ilula. Mama alikuwa anaosha vyombo, ameinyooshea mkono, na mimi nikawahi kabla ile sauti haijamfika, nikamnyanyua Asukile, nikapandisha suruali, nikamfinya pale pale panapouma siku zote, nikazungusha.

Alinitazama. Ameshazoea, sasa anajua ni mkono wa mama yake.

Akacheka.